Safari ya Kutch, Gujarat: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kutch ni wapi, na kwa nini jina hili linasikika sana pwani yetu?

Kutch ni wilaya ya magharibi kabisa ya jimbo la Gujarat. Kaskazini inapakana na Pakistan, kusini na bahari. Kwa eneo hakuna wilaya India inayoizidi: kilomita za mraba 45,674, na sehemu kubwa ya hizo ni Rann, uwanda wa matope na chumvi ambao kwa miezi kadhaa ya mwaka huwa chini ya maji. Mji mkuu ni Bhuj.

Jina linasikika kwa sababu ya majahazi. Familia ya Jairam Shivji, waliokodishwa forodha ya Unguja enzi za Seyyid Said, walitoka Mundra. Tharia Topan, aliyeanzisha ujenzi wa lile jumba la Zahanati Kongwe mbele ya bandari ya Unguja, alizaliwa Lakhpat. Allidina Visram, ambaye maduka yake yalifuata reli kutoka Mombasa hadi Uganda, alitoka kijiji cha Kera. Mahali pote patatu panafikika kwa gari kutoka Bhuj, ukaenda na kurudi siku hiyohiyo.

Niende mwezi gani?

Kati ya mwisho wa Novemba na mwisho wa Februari. Ukitaka kukumbuka kwa urahisi: kaskazi ikivuma kwetu, Kutch ndiyo imekaa vizuri. Ni upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi ya Mandvi, bandari ya Kutch.

Sababu yenyewe ni chumvi. Mvua za Juni hadi Septemba pamoja na maji ya bahari huifunika Rann. Maji huanza kukauka Oktoba, na chumvi huganda polepole kuanzia pembezoni. Anayefika mwanzoni mwa Novemba hukuta tope la kijivu na madimbwi, akadhani picha alizoziona zilikuwa za uongo. Kuanzia Desemba uwanda ni mweupe kabisa. Machi chumvi bado ipo, lakini jua la mchana limeshakuwa kali. Mei joto hupita nyuzi 40, usiende.

Kuna vipindi viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni siku tano baada ya Diwali. Wagujarati wenyewe husafiri wakati huo, kwa hiyo hoteli zinajaa na karakana za mafundi zinafungwa hadi siku ya Labh Pancham. Ukienda kutafuta vitambaa wiki hiyo utakuta milango ina makufuli. Cha pili ni Navratri, Septemba au Oktoba: usiku tisa wa kucheza garba. Rann bado haijakauka, ila kama shabaha yako ni ngoma, hakuna wakati bora zaidi Gujarat nzima.

Ni lazima nifuate mwezi mpevu?

Si lazima, lakini chumvi chini ya mbalamwezi inafaa kuonwa. Tatizo ni kwamba bei za mahema ya wageni huko Dhordo, kijiji kilicho ukingoni mwa chumvi, hupanda mno usiku wa mwezi mpevu, na nafasi huisha miezi kadhaa kabla.

Njia ya kulikwepa hilo: chagua siku mbili *kabla* ya mwezi mpevu, si mbili baada. Siku mbili kabla, mwezi unakuwa umeshapanda jua linapozama, kwa hiyo giza likiingia tu uwanda unang'aa. Siku mbili baada, mwezi huchomoza saa moja na nusu hivi, au zaidi, baada ya jua kuzama. Utakaa gizani na upepo wa baridi ukiusubiri, na walinzi huenda wakawatoa watu kabla haujapanda vya kutosha.

Viza naipataje?

Raia wengi wa Afrika Mashariki huomba viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India, ambayo anwani yake huishia na gov.in. Kuna tovuti nyingi zinazofanana nayo zinazotoza mara mbili au tatu, na nyingine huchukua pesa zikapotea. Ukiona anwani haiishii hivyo, ondoka.

Andaa picha ya mraba yenye mandhari nyeupe, na ukurasa wa kwanza wa pasipoti katika mfumo wa PDF usiozidi kilobaiti 300. Maombi mengi hukwama hapo: faili ni kubwa, au picha ina kivuli nyuma ya kichwa. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 tangu siku ya kuingia na kurasa mbili tupu. Viza ya siku 30 huombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika, lakini si chini ya siku 4. Ya mwaka mmoja unaweza kuiomba mapema zaidi. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, hata lile la babu ambalo hulitumii.

Mambo matatu watu husahau. Viza hii inakubalika viwanja maalumu kama Mumbai, Delhi na Ahmedabad. Bhuj si mojawapo, kwa hiyo utagongewa muhuri kabla ya kufika huko. Kuna pia fomu ya kuwasili ya mtandaoni inayojazwa ndani ya saa 72 kabla ya kutua. Na mwenye mzazi, babu au bibi aliyezaliwa Pakistan, jambo la kawaida kwa familia zenye asili ya Sindh, hawezi kutumia viza ya mtandaoni. Anapitia ubalozini, na anahitaji kuanza mapema sana.

Wajukuu na vitukuu wa waliotoka Gujarat waulize ubalozini kuhusu kadi ya OCI, ya watu wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine. Inachukua muda na nyaraka nyingi za ukoo, lakini ukiipata unaachana na viza.

Kadi ya homa ya manjano wanaiuliza kweli?

Ndiyo, na si kwa mzaha. Anayetoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya juzi haikusaidii. Mtanzania anayepitia Nairobi au Addis Ababa naye aibebe, asije akabishana dirishani.

Nifikeje Bhuj?

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Addis Ababa kuna ndege za moja kwa moja hadi Mumbai. Kutoka Mumbai una njia tatu.

Ndege hadi Bhuj ni saa moja na kitu. Angalia tiketi yako inasema T1 au T2: Mumbai ina majengo mawili yaliyotengana, na kutoka moja hadi jingine ni safari ya gari katika foleni. Acha angalau saa nne kati ya ndege na ndege.

Treni ya usiku ndiyo tunayoipendekeza kwa asiye na haraka. Kutch Express inaondoka Bandra Terminus jioni na kufika Bhuj asubuhi. Tahadhari: Bandra Terminus na stesheni ya Bandra ya treni za mjini ni vitu viwili. Anayemwambia dereva "Bandra station" hushushwa pasipo, halafu anakimbia na masanduku. Chukua daraja la 2AC au 3AC, yaani behewa la kulala lenye kiyoyozi.

Njia ya tatu ni kupitia Ahmedabad. Kutoka huko hadi Bhuj kuna treni ya Namo Bharat iliyozinduliwa Septemba 2024, mwendo wa chini kidogo ya saa 6, au barabara ya kilomita 330 hivi. Ukipita Ahmedabad, lala usiku mmoja: mji wa kale umo katika Urithi wa Dunia tangu 2017, na msikiti wa Sidi Saiyyed wa miaka ya 1570, wenye dirisha la jiwe lililochongwa mti, ulijengwa na Mhabeshi.

Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla, na katika msimu wa Rann huisha ndani ya siku chache. Tiketi ikiandikwa WL (orodha ya kusubiri) huna kitanda wala ruhusa ya kupanda behewa la kulala. RAC maana yake una nafasi ya kukaa, na kitanda kikipatikana utapewa. Usitegemee tiketi za dharura za Tatkal, kwani siku hizi mtandaoni zinadai kitambulisho cha Aadhaar cha India.

Siku ngapi zinatosha?

Sita kamili, mbali na za kusafiri. Kosa kubwa la wageni ni kuja siku mbili, kulala hemani Dhordo, kupiga picha chumvini na kuondoka. Chumvi ni ya jioni moja. Vijiji, magofu na bandari ndivyo vinavyohitaji muda.

Weka makao Bhuj na uzungukie hapo. Siku ya kwanza mjini: Prag Mahal, jumba la mtindo wa Kitaliano lililoanza kujengwa 1865, na pembeni yake Aina Mahal, jumba la vioo la karne ya 18 lililosimamiwa na fundi Ramsinh Malam aliyejifunza kazi zake Uholanzi. Jioni panda kilima cha Bhujiyo hadi makumbusho ya Smritivan, yanayohusu tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lililoua watu wapatao 20,000. Siku ya pili, vitambaa: Bhujodi na Ajrakhpur. Ya tatu, kijiji cha Nirona asubuhi, kisha Dhordo kabla jua halijazama. Ya nne, magofu ya Dholavira. Ya tano, Mandvi, ukipita Kera. Ya sita, Lakhpat, zaidi ya kilomita 130 kwenda peke yake. Asiyependa kukaa garini aiache, apumzike Bhuj.

Makumbusho mengi yana siku moja ya kufunga kila wiki, mara nyingi Jumatatu. Uliza hotelini kabla ya kupanga.

Nikodi gari au nipande basi?

Gari pamoja na dereva. Mabasi yapo hadi Mandvi na miji mikubwa, lakini Nirona na Dholavira kwa basi ni kupoteza siku nzima.

Malipo huhesabiwa kwa kilomita, na kuna kima cha chini cha kila siku, kwa kawaida kilomita 250 au 300, hata ukienda 40 tu. Juu yake kuna posho ya dereva. Kabla ya kukubali uliza mambo manne: bei ya kilomita, kima cha chini, posho ya usiku, na kama hesabu inaanzia gereji au hotelini kwako. Hilo la mwisho ndilo linalozua ugomvi siku ya kulipa. Kwa mizunguko ya mjini na Bhujodi, bajaji inatosha. Kwao inaitwa riksha.

Kibali cha kwenda kwenye Rann nyeupe ni kipi?

Rann iko karibu na mpaka, hivyo kila mtu, hata Mhindi, anahitaji kibali. Unakipata mtandaoni au kwenye dirisha la Bhirandiyara, njiani kutoka Bhuj. Ada ni ndogo, rupia 100 hivi kwa mtu mzima, na gari hulipiwa kivyake. Mgeni abebe nakala za pasipoti na viza, mbili za kila moja, na pasipoti yenyewe. Mashine ya kunakili iliyo karibu na dirisha huwa na foleni, au imeharibika.

Ukiwa unasubiri, nunua mawa, utamu wa maziwa ya nyati wa mbuga za Banni yaliyochemshwa hadi yakaganda. Wauzaji wako palepale barabarani, na ni afadhali ukiupata ungali wa moto.

Ndani, tembea palipokanyagwa. Pembezoni mwa uwanda chumvi ni gamba jembamba juu ya tope, na mguu ukizama kiatu kinabaki. Ukirudi hotelini futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana chumvi hula vyuma. Droni usijaribu. Simu za setilaiti usizibebe kabisa: India nzima ni kosa bila leseni, na wageni wamewahi kukamatwa viwanjani.

Dholavira inastahili safari yote hiyo?

Inastahili, na sasa si mbali kama zamani. Barabara mpya inayokata katikati ya Rann kutoka upande wa Khavda imepunguza safari kutoka Bhuj hadi kilomita 130 na kitu, na pande zote mbili ni weupe mtupu.

Dholavira ni mji wa ustaarabu wa Harappa, ule wa kale wa bonde la mto Indus, ulioishi takriban kati ya 3000 na 1500 kabla ya Kristo, na umo katika Urithi wa Dunia tangu 2021. Kinachostaajabisha ni maji. Mji ulijengwa kati ya vijito viwili vya msimu, na mabwawa yake yalikamata mvua ya siku chache ili itumike mwaka mzima. Moja lina urefu wa mita 73 na upana wa 29, na ngazi za kushukia bado zipo. Anayejua visima na birika za magofu ya Gedi au Kilwa ataelewa upesi kwa nini mji wa jangwani ulitumia jasho lake kwenye mabwawa.

Kivuli hakuna. Fika kabla ya saa nne asubuhi, beba lita mbili za maji kwa kila mtu, na chukua mwongozaji langoni. Bila yeye utaona kuta tu. Jaza mafuta Bhuj.

Nitajuaje ajrakh halisi na ya mashine?

Ajrakh ni kitambaa kinachopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Kwanza uone inavyotengenezwa, Ajrakhpur. Kijiji hiki kilianzishwa na wapiga chapa wa ukoo wa Khatri kutoka Dhamadka baada ya tetemeko la 2001, maji ya Dhamadka yalipokuwa hayafai tena kwa kazi ya kutia rangi. Kitambaa hufuliwa, hulowekwa katika maji ya tunda la harda, kisha hupigwa chapa ya chokaa na gundi mahali panapotakiwa kubaki peupe. Weusi hutoka kwenye vyuma chakavu vilivyovundikwa na sukari guru kwa wiki kadhaa. Palipopigwa shabu patakuwa pekundu. Halafu kitambaa kinatumbukizwa kwenye pipa la nili: kikitoka ni kijani, na mbele ya macho yako hewa inakigeuza buluu. Hatua zote hufika 14 hadi 16, na kazi huchukua wiki mbili au zaidi, kutegemea jua.

Sasa dukani. Tafuta pale kibao kimoja kilipokutana na kingine: kwenye kazi ya mkono kuna mwachano au mpandano mdogo, usiolingana kila mahali. Mashine hurudia kosa lilelile kwa umbali uleule. Geuza kitambaa: rangi ya nili imepenya hadi nyuma. Bei ikiwa ya chini kama ya kanga ya kawaida, ni ya mashine. Hilo si dhambi, ila muuzaji aseme. Nyumbani, fua peke yake kwa maji baridi mara tatu za mwanzo.

Nirona ni kwa ajili ya rogani: mafuta ya nyonyo huchemshwa hadi yanakuwa mazito kama ulimbo, yanachanganywa rangi, na fundi huyavuta uzi mwembamba kwa kijiti cha chuma bila kugusa kitambaa. Anachora nusu, anakunja, na nusu ya pili inajichapa. Usimwombe apunguze nusu ya bei.

Mandvi kuna nini zaidi ya ufukwe?

Majahazi. Kwenye ukingo wa mto Rukmavati mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao vikubwa kama nyumba ya ghorofa. Utaona mkuku umelazwa, mataruma ya mti wa mgunga yaliyochaguliwa kwa kupinda kwake, na watu wakikalafati kwa pamba. Chombo kimoja huchukua miaka miwili na zaidi. Mtu wa Lamu au Nungwi hatahitaji mkalimani hapo. Omba ruhusa kabla ya kupanda juu, na vaa viatu vya kufunika, kwani misumari imetapakaa. Baada ya hapo nenda kasri la Vijay Vilas, halafu ule dabeli, mkate uliojazwa viazi vyenye viungo, mjini ilikozaliwa.

Nitakula nini, na pombe?

Chakula ni cha mboga karibu kila mahali: thali (sinia la vyakula mbalimbali) isiyokwisha, mkate wa uwele kwa siagi na sukari guru, na mtindi mwepesi unaoitwa chaas. Nyama ya halali ipo Bhuj katika mitaa ya Waislamu. Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe. Mgeni anaweza kuomba kibali, lakini Kutch haifai usumbufu huo.

Pesa na lugha?

Beba taslimu za kutosha unapotoka Bhuj. Wenyeji hulipa kwa simu kupitia UPI, na mgeni asiyekuwa nayo hubaki na noti ya 500 ambayo hakuna wa kuichenji. Omba za 50 na 100 benki. Laini ya simu nunua uwanja wa ndege wa Mumbai au Ahmedabad, Bhuj utazungushwa.

Kuhesabu ni rahisi kwetu kwa sababu laki ni laki. Angalia tu mkato: 1,50,000 ni laki moja na nusu. Gari, chapati, bima na pesa utazisikia zikitamkwa karibu kama nyumbani. Katika vijiji vya Madhapar, Baladia na Kera, vyenye nyumba zilizojengwa kwa fedha za Kenya na Uingereza, si ajabu mzee akakujibu kwa Kiswahili. Msalimie "shikamoo" uone.

Naweza kuwatembelea Wasidi safari hiyohiyo?

Unaweza, ila ongeza siku tatu. Wasidi, wazao wa Waafrika, wapo sehemu nyingi za Gujarat, lakini kijiji kinachojulikana zaidi ni Jambur, si mbali na Sasan Gir, mwendo wa siku nzima kutoka Bhuj. Wanazungumza Kigujarati, usitarajie Kiswahili. Kilichobaki ni vitu kama *goma*, ngoma yao wanayomchezea mtakatifu wao Bava Gor. Usiingie kijijini na kamera mbele. Pitia mtu anayefahamika huko, patana malipo ya wachezaji kabla, na Alhamisi watu wanapozuru makaburi ya watakatifu kaa nyuma kama mgeni msikitini. Hifadhi ya simba ya Gir iko karibu, na hesabu ya 2025 ilikuta simba 891 Gujarat. Vibali hukatwa mtandaoni mapema, na hifadhi hufungwa 16 Juni hadi 15 Oktoba.

Nibebe nini ambacho watu husahau?

Koti zito, kwa sababu usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 10 na chini yake. Adapta: plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii kwenye soketi za India. Mafuta ya midomo, picha nne za pasipoti, na kandambili za kuvulia haraka, maana kwenye karakana, hekalu na nyumba za watu viatu vinabaki mlangoni.